Bastola Katika Kaburi la Mama

Mlioanza nami mnajua kwamba mdogo wangu Saburi hakuuawa na mashine. Waliochelewa nawapa kwa ufupi, maana leo nina mzigo wa kuutua na ukianza kutuliwa haungoji mtu.

Saburi alikuwa mkata mkonge katika shamba moja upande wa Kibaha. Nyapara wake alikuwa Mfaume, mtoto wa mjomba wetu, aliyekulia nyumbani kwetu Masaki ya Kisarawe na kula sahani moja na sisi. Siku moja Saburi alikataa kuchapwa kofi mbele ya wenzake. Mfaume akamtwanga kichwani kwa mpini wa shoka, akaanguka, akamtwanga tena akiwa chini. Kisha akamburuta hadi kwenye korona, ile mashine ya kuparua mkonge, akausukumiza mkono wake ndani na kupiga kelele, "Mtu kavutwa!"

Watu hamsini waliona. Watu hamsini walisema hawakuona.

Aliyenong'ona ukweli alikuwa mmoja tu, Mashaka, Mnyamwezi aliyeletwa shambani kwa mkataba, mtani wangu. Alikuja Masaki kwa miguu kuniambia, akalia mpaka akashindwa kula. Tangu siku hiyo nikawa na kazi moja duniani, nayo ni kumtoa Mfaume roho.

Panga lilinishinda. Wiki jana mlisoma jinsi alivyoninyang'anya panga langu mwenyewe, akanipiga nalo ubapa mbele za watu, akaning'oa meno mawili. Ndipo nilipokwenda Sofu, huko huko Kibaha, kwa Bi Zena.

Bi Zena alikuwa mwanamke wa makamo, akiuza chai na maandazi kando ya njia. Miaka sita alikaa na Mzungu mmoja mpima mashamba. Mzungu akaugua, akarudishwa kwao mwaka wa arobaini na saba, akamwachia Zena vyombo, kitanda na sanduku moja dogo. Habari za sanduku lile alinipa Mashaka, ingawa yeye aliamini chombo kilichomo ni pambo tu la Mzungu.

"Shikamoo, Bi Zena."

"Marahaba. Sema shida yako upesi, maandazi yanaungua."

"Nimesikia una chombo."

Akanitazama toka miguuni mpaka kwenye pengo la meno.

"Unataka kumpiga nani?"

"Nguruwe. Wananimalizia mihogo."

"Nguruwe wa miguu mingapi?"

Bi Zena akaepua karai, akafunga mlango kwa komeo, akaingia uvunguni. Alipotoka alikuwa na sanduku, na ndani yake, katika karatasi yenye mafuta ambayo haijawahi kuchanwa, bastola mpya inang'aa. Mpini wake wa mti mweusi ulitulia kiganjani mwangu kama mpini wa jembe niliouchonga mwenyewe. Nasema kweli, niliipenda. Sikuwahi kupenda kitu haraka namna ile, na nilipaswa kuogopa.

Nikaielekeza ukutani, nikabonyeza kifyatulio. Haikufanya kitu. Nikabonyeza tena kwa vidole viwili.

"Unaniuzia chuma kibovu," nikasema.

"Sijakuuzia bado, na kibovu ni wewe. Lete hapa." Akaishika kama mwiko. "Hii si ya kubonyeza tu. Unaiona nyundo hii kwa nyuma? Kwanza unairudisha kwa dole gumba mpaka ikwame. Sikiliza."

Akairudisha. Ikalia kah, kah, kah, kah, na lile gurudumu la katikati lenye matundu sita likazunguka hatua moja.

"Sasa ndiyo unabonyeza. Risasi moja, nyundo moja. Ukitaka nyingine, nyundo tena. Usiporudisha nyundo, utakufa umeshika pambo. Na ujaze tano tu, tundu la chini ya nyundo uliache tupu, usije ukajitoboa paja ukichuchumaa."

"Nani alikufundisha?"

"Miaka sita nilikaa na mtu wa homa na pombe, mwenye pacha wa hii chini ya mto. Ulidhani nililala usingizi gani?"

Nikatoa kitambaa changu cha shilingi. Akakisukuma.

"Shilingi zina maneno. Watu watauliza Zena kapata wapi. Hiyo baiskeli uliyokuja nayo ya nani?"

"Ya mdogo wangu."

"Hataidai?"

"Hataidai."

Basi baiskeli ya Saburi ikabaki imeegemea ukuta wa Bi Zena. Kengele yake aliinunua kwa mshahara wa kwanza, alikuwa akiipiga hata njia ikiwa tupu. Nilipofika mbali niligeuka kuitazama, nikalia kidogo, kisha nikapapasa chuma tumboni na machozi yakakauka. Nilipewa na risasi kumi na moja ndani ya soksi.

Nililala Kibaha, nikaondoka asubuhi kwa miguu. Saa sita mchana nilikuwa karibu na kwetu, kwenye mashimo ya zamani ya sandarusi, ile gundi ngumu ya ardhini, ambayo babu zetu walichimba wakaacha. Mahali pale hapapiti mtu. Nikaona hapa ndipo pa kuijaribu.

Risasi ya kwanza nililenga kisiki, nikapata mbingu. Mkono uliruka mpaka nyundo ikanichana kipaji cha uso. Ya pili nikapata udongo. Ya tatu kisiki kikatoa vipande, nami nikacheka peke yangu na kusema kwa sauti, "Umekwisha, Mfaume."

Nguruwe akanijibu.

Niliyemtungia Bi Zena uongo alikuwa kweli ndani ya shimo, dume, na kelele zangu zimemuudhi. Alitoka shimoni kichwa chini. Nikaelekeza bastola, nikabonyeza. Kimya! Nikabonyeza tena. Kimya! Nyundo nilikuwa nimeisahau, na nguruwe hakunisubiri niikumbuke. Alinibeba mapajani, akanirusha, akarudi kunimalizia. Nikiwa chali nikairudisha nyundo kwa viganja vyote viwili, nikampiga shingoni ananipumulia usoni. Akaniangukia. Nikarudisha tena, nikampiga sikioni, damu yake ikaniingia mdomoni.

Nilimsukuma nikasimama. Paja limechanika, kanzu imelowa damu ya nguruwe toka kola hadi pindo. Lakini moyoni nilikuwa nashangilia. Nilikuwa nimeua kitu kikubwa kwa kidole, na somo la nyundo lilikuwa limeniingia mwilini, si kichwani. Nikajaza tena tano, ikabaki moja kwenye soksi.

Nikakaribia nyumbani. Kabla sijaona paa nikasikia kilio.

Dada yangu Tatu alikuja mbio na kichwa wazi.

"Kaka, ulikuwa wapi? Mama amekufa! Tangu jana anakuita, Mwishehe, Mwishehe, mpaka sauti ikakatika!"

Mama yetu, Bi Mwanamkuu, hakuwa na ugonjwa wenye jina. Tangu Saburi azikwe alikuwa akikataa chakula. Nikamkimbilia Tatu nimshike, akaruka nyuma.

"Damu ya nini hiyo?"

"Ya nguruwe."

Mnaelewa nilichokosa. Mtoto wa kiume aliyebaki, mama yuko ndani ameoshwa, na mimi najisi toka utosini. Mwalimu wa madrasa alitoka akaniambia nisivuke kizingiti mpaka nijisafishe mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilikaa nyuma ya nyumba najimwagia maji, nasikia wanamfunga sanda bila mimi. Nilipomaliza mara ya saba jeneza lilikuwa limeshatoka.

Na aliyeshika mbele, mahali pangu, alikuwa Mfaume.

Alikuwa ameitwa tangu jana mama alipozidiwa, akaja mbio kutoka shambani na manamba wanne, Mashaka mmoja wao. Alikuwa analia. Shangazi yangu, shangazi yangu, anasema, na machozi ya kweli yanamtoka. Mtu aliyemmaliza mama kwa kumuua mwanawe alikuwa anamlilia kunishinda. Nikaingia ndani, nikavaa koti la marehemu baba juu ya kanzu safi, nikatia bastola katika mfuko wa ndani. Nilikwisha panga. Mazishi yakiisha, Mfaume atarudi Kibaha kwa njia ya mashimo, nami nitakuwa mbele yake.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtoto wa Kizaramo wa miaka saba asingelifanya. Nilisahau kwamba nakwenda kwenye kaburi lenye mtani.

Kwetu maiti haingii kaburini mpaka mtani aridhike. Atalala humo yeye kwanza, ataiga marehemu, atakupekua mifuko wewe mfiwa, achukue atakacho. Ukimnunia umejiaibisha. Ukimkasirikia umemvunjia heshima maiti wako. Siku nyingine zote naijua sheria hii kama jina langu. Siku ile kichwani mwangu alikuwamo Mfaume tu, wengine wote wametolewa.

Tulipofika, Mashaka alikuwa keshaingia kaburini. Amejifunga kanga ya mama, anakohoa kikohozi cha mama vilevile.

"Mwishehe! Kuni zimekwisha, na wewe umekaa tu kama chungu cha mkweni!"

Watu wakacheka huku wanafuta macho. Hata mimi nilicheka, ilikuwa sauti yake kabisa.

"Toka, mtani, tumweke mwenzio," akasema Jumbe Abdala, mkuu wa kijiji chetu.

"Sitoki. Mmenipa nini? Wazaramo mna mikono mifupi. Mfiwa, njoo nikupekue!"

Nikainama ukingoni nimpe shilingi yaishe. Mashaka hakuitazama shilingi. Alipitisha mkono ndani ya koti, kwa wepesi ule ambao watani wanao, na ulipotoka ulikuwa na bastola.

Watu wakafanya "Hee!" kwa pamoja. Jumbe alipiga hatua mbele kisha akasita, maana mchezo wa mtani haukatizwi.

"Kumbe mama kaniachia urithi!" Mashaka akapaza sauti. Akaielekeza kwa Mwalimu, akabonyeza. Kimya. Akaielekeza kwa Jumbe, akabonyeza. Kimya. "Ya bandia! Mzaramo kanunua bastola ya bandia kutishia kunguru!"

Kicheko kikapasuka. Walioanza kuogopa walicheka kuliko wote. Nami moyo ukarudi mahali pake, nikasema alhamdulillahi, hajui mambo ya nyundo, ataichoka, atanirudishia.

Mashaka akageuka. Mfaume alikuwa amesimama juu ya tuta la udongo, bega kwa bega nami, mikono kifuani.

"Nyapara!" Mashaka akamfokea kwa sauti ya Mfaume mwenyewe, ile ya shambani. "Mvivu wewe! Piga magoti!"

Manamba wale wengine wakaruka kwa furaha. Miaka mingapi waliitamani dakika ile! Na Mfaume, kwa kuwa ni mtani na ni mazishi, hakuwa na la kufanya ila kucheka. Akacheka. Akapanua koti lake akamwonyesha kifua.

"Piga, mtani. Piga hapa."

Mashaka akabonyeza. Kimya. Akabonyeza. Kimya.

Nimeishi miaka mingi nikisema ni shetani. Si shetani, nilikuwa mimi. Nilikitazama kifua kile kimeachwa wazi, nikaona kazi yangu yote inaweza kufanywa na mtu mwingine, katika mzaha, mbele ya mashahidi, na mtani hana kesi. Niliokota jembe la kufukia lililokuwa ukingoni, nikainama kama ninayekwatua udongo. Kicheko kilikuwa kikubwa. Nikasema taratibu, kwa sauti ya kumsaidia rafiki:

"Mtani, irudishe ile nyundo kwanza."

Mashaka akanitabasamia. Alikuwa ananiamini. Akairudisha kwa dole gumba, nikazisikia zile kah nne mojamoja.

Ikalia.

Mfaume alikaa kitako kwanza, kama mtu aliyevutiwa kiti. Kisha akalala chali juu ya tuta, akateleza, kichwa kikafika miguuni pangu. Chini ya titi palikuwa na tundu dogo lisilo na maana, lakini mgongoni udongo ulikuwa unageuka tope. Damu ikafuata mteremko, ikaanza kudondoka ndani ya kaburi la mama.

Mashaka alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu lilikuwa halijapata habari.

"Mtani," akaniambia, "si ya bandia?"

Basi ndipo kelele zilipoanza. Watu walikimbia, jeneza likawekwa chini ovyo, Mwalimu anasoma kwa sauti ya juu. Tarishi wa Jumbe akarukia kaburini na mwenzake, wakampiga Mashaka ngumi mpaka kanga ya mama ikachanika, wakamtoa, wakamfunga mikono kwa kamba ya jeneza.

"Ni utani!" akalia mzee mmoja. "Tangu lini mtani akafungwa?"

"Boma la Kisarawe halijui utani," akasema Jumbe. "Linajua kitanzi. Na huyu ni manamba wa Mfaume. Watu watasema alikuwa na kisa naye." Akanigeukia. "Mwishehe, chombo kimetoka kwenye koti lako. Ni chako?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nilihisi neno lipo ulimini.

"Cha Mashaka," nikasema. "Alinipa nimfichie."

"Ulijua kina risasi?"

"Sikujua."

"Kabla hajapiga nilikuona unamwinamia. Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu, Jumbe. Nilikuwa nakwatua udongo."

Mashaka alinitazama. Uso ulikuwa unavimba, jicho moja limefungika. Hakutukana. Ningependa angetukana.

"Mtani," akasema, "mchezo umekwisha. Waambie sasa."

Nikatazama pembeni. Niliona aibu, nasema wazi, lakini shingo yangu niliipenda kuliko aibu. Nikajiambia Mashaka hana mke, hana mtoto, wazee wake wako mbali hawatajua. Mambo hayo yote nilijiambia kwa muda wa pumzi mbili, mama yangu amelala nje ya kaburi.

Ndipo miguuni pangu kitu kikakohoa.

"Jumbe."

Mfaume alikuwa hajafa. Macho yalikuwa wazi, povu jekundu linamtoka puani. Jumbe akapiga magoti kando yake.

"Mfungueni mtani," akasema Mfaume. Kila neno alilivuta kutoka mbali. "Hana kosa. Yeye hakujua... kuikoki. Kuna aliyemfundisha. Nilisikia. Nilikuwa hapa hapa."

"Nani? Mtaje."

"Maji," akasema Mfaume.

Watu wakahangaika na kata. Mfaume akageuza macho juu, polepole, mpaka akanipata. Hakuwa na chuki tena. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Muuaji wa ndugu yangu alikuwa anataka kufa mkweli, akiokoa mtu asiye na hatia, watu wamkumbuke kwa wema, na mimi niliyedhulumiwa nibaki ndiye mwongo na muuaji. Angepelekwa kaburini na dua. Mimi ningepelekwa boma na kamba.

Kata ikafika. Akanywa tone, likatoka na damu.

"Mtaje," akarudia Jumbe, amemtegea sikio. Wote waliobaki waliinama, macho kwenye ile midomo. Hakuna aliyenitazama mimi, isipokuwa mtu mmoja aliyefungwa kamba.

Jembe la kufukia lilikuwa bado mikononi mwangu. Kichwa cha Mfaume kilikuwa kati ya miguu yangu.

"Mwishehe," akaniambia Mashaka, polepole, kama mtu anayemwita ng'ombe aliyekata kamba. "Mwishehe, mwache aseme."

Mfaume akafungua mdomo.

Nikaliinua jembe.